Kitabu cha Ubatizo si Mahakama ya Damu



Wapendwa wana wa Mungu, katika tafakari ya juma hili twapenda kusema juu ya jambo linaloanza kuzitesa familia zetu: kusaka asili ya jina la ukoo, kwanza katika vitabu vya parokia, kisha kwa kipimo cha vinasaba, kile ambacho wengi hukiita DNA.

Kusaka asili si dhambi. Vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, ambavyo Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia ivitunze, ni hazina. Mwenye kuvisoma kwa uvumilivu huona jinsi jina lilivyosafiri. Babu ameandikwa kwa jina la kikabila, kama sikio la mmisionari lilivyolisikia. Mwanawe ameandikwa kwa jina la ubatizo la baba. Mjukuu naye amechukua la babu. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja huweza kubeba majina mawili tofauti, na watu wasio na undugu wowote wakashiriki jina moja, kwa sababu tu babu zao walibatizwa Petro. Wanaokuja ofisini kutafuta mizizi yao twawapokea kwa furaha.

Tunachokikataa ni kingine. Wapo wanaokuja na karatasi ya maabara mkononi, mara nyingi siku chache baada ya matanga, shamba la marehemu likiwa bado halijagawanywa, wakitaka jina la marehemu lifutwe katika mstari wa ndugu yao. Husema damu imemkataa. Sisi twawajibu waziwazi: kitabu cha ubatizo si mahakama ya damu.

Tuipime hoja yao kwa elimu ileile wanayoitegemea. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume karibu bila kubadilika, nalo jina la ukoo mara nyingi hufuata njia hiyohiyo. Lakini hiyo ni njia moja tu. Ukirudi nyuma vizazi 10, unazo nafasi 1,024 za wahenga; jina na kromosomu hiyo vyakueleza habari za mmoja. Anayejivunia usafi wa ukoo kwa ajili ya huyo mmoja amewasahau 1,023, na 512 kati yao ni akina mama. Huo ni ukoo gani usio na mama?

Kanisa nalo halikungoja maabara. Kwa Kanuni ya 1138, ndoa halali ndiyo imwonyeshayo baba wa mtoto. Kanuni hiyo yaacha nafasi kwa ushahidi ulio wazi wa kinyume, lakini haikuiacha ili ndugu wamfukuze ndugu kaburi la baba likiwa bado bichi. Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu. Hawakuwa wajinga, walijua kwamba mtoto hapaswi kulipa deni asilolikopa.

Tukumbuke pia tulikotoka. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanza utume wao Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa waliowalea na kuwabatiza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilikuwa imewatenga na baba, ukoo na kijiji. Katika ubatizo walipewa jina na kupata nyumba. Kama uana ungetegemea damu inayothibitika, hao wangebaki bila kwao.

Na aliye mkuu kuliko wote? Mwinjili Mathayo ahesabu vizazi kutoka Ibrahimu, akiwataja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao mwenye kujisifia ukoo angewaficha. Kisha amfikia Yosefu. Huyo hakuwa baba wa Yesu kwa mwili, lakini ndiye aliyempa mtoto jina, na kwa njia yake Bwana wetu ahesabiwa katika nyumba ya Daudi. Anayesema jina bila damu ni uongo, na amkabili kwanza Mtakatifu Yosefu.

Hatusemi kwamba kipimo ni kiovu. Kikimtafutia mtoto baba aliyekimbia wajibu wake, kimetenda haki. Wala hatuyadharau machungu ya mume aliyedanganywa. Hayo yaletwe kwenye kitubio na ushauri, mume na mke pamoja. Lakini aliyedanganya si mtoto. Marehemu aliyempeleka mwanawe kisimani, akamlipia ada na kumkesha homa, alikwisha kutoa ushahidi wake akiwa hai. Nani amewapa walio hai mamlaka ya kuutangua, tena kwa ajili ya ekari 3 za migomba?

Basi ukoo unaotaka kupima vinasaba ujiulize kwanza: tunatafuta ndugu, au tunatafuta wa kumtoa? Anayetafuta ndugu na aje. Vitabu vi wazi, nasi tutamsaidia kuvisoma. Anayetafuta wa kumtoa asije na kalamu.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, utuombee.