UCHAMBUZI: Sataranji yetu yahitaji ngazi, si zawadi pekee

Mnamo Aprili 2023, mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya yalipokuwa yakiendelea jijini Nairobi, waandalizi waliingiwa na shaka kuhusu mshiriki mmoja wa kitengo cha wanawake. Alikuwa amejifunika gubigubi, uso ukiwa ndani ya nikabu na miwani machoni. Hakumsemesha mtu, viatu vyake vilionekana kuwa vya kiume, na ingawa alikuwa mgeni ulingoni, alikuwa akiwalaza wachezaji wenye majina. Alipoitwa kando, ilibainika kwamba alikuwa mwanamume, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 25. Aliondolewa mashindanoni, akaandika barua ya kuomba radhi na kueleza kuwa shida za pesa ndizo zilizomsukuma.

Kisa hicho kilienea kote duniani na walimwengu wakacheka. Kosa ni kosa, na wanawake walioketi mbele ya mdanganyifu huyo ndio walioumizwa kwanza. Hata hivyo, kicheko kilipotulia, swali moja lilibaki bila jibu. Kwa nini kijana mwenye akili ya kuwashinda mabingwa aone kwamba faida ya akili hiyo imo katika kuificha?

Jibu haliwezi kupatikana katika tabia ya mtu mmoja pekee. Sehemu yake kubwa imo katika namna mashindano ya wazi yanavyoendeshwa, na katika nafasi ndogo ambayo Afrika Mashariki inayo katika mfumo huo.

Mashindano ya wazi ni jambo la kipekee katika ulimwengu wa michezo. Mwanasoka wa mtaani hawezi kulipa ada leo na kesho akajikuta akimkaba mshambulizi wa Real Madrid. Mchezaji wa sataranji anaweza. Mwalimu wa shule ya msingi, karani wa benki na mwanafunzi wa sekondari hujisajili katika orodha moja na watu ambao mchezo huu ndio ajira yao. Mjini Reykjavik, Iceland, mashindano ya kimataifa yaliyoanzishwa mwaka wa 1964 yamekuwa yakiwakutanisha wachezaji wa kulipwa na wale wa ridhaa kwa miaka mingi. Nchini Marekani, mashindano yaitwayo World Open yamekuwa yakifanya vivyo hivyo tangu 1973.

Kinachowezesha mkutano huo ni mtindo wa Uswisi, ambao ulitumiwa kwa mara ya kwanza mjini Zurich mwaka wa 1895. Katika mtindo huu, anayeshindwa hatolewi. Washiriki hupangwa kwa nguvu kutoka juu hadi chini, orodha ikakatwa katikati, na katika raundi ya kwanza nusu ya juu hukutanishwa na nusu ya chini. Baada ya hapo, mwenye pointi hupewa mpinzani mwenye pointi kama zake. Kwa hivyo raundi tisa hutosha kupata mshindi miongoni mwa watu mia mbili, na kila mmoja hurudi nyumbani akiwa amecheza michezo yake yote.

Usawa huo, lakini, huishia mezani. Nje ya meza, mizani ni miwili. Grandimasta anapoalikwa, aghalabu halipi ada ya kujisajili. Hupewa chumba cha hoteli, na mwenye jina kubwa zaidi hupewa bahasha kabla hajasogeza askari hata mmoja. Mchezaji wa ridhaa hulipa ada, nauli, chakula na malazi, tena hutumia siku zake za likizo. Mara nyingi ada hiyo ndiyo inayojazia zawadi ambazo grandimasta atazibeba. Bila wadhamini wakubwa, mfadhili mkuu wa mchezo wa kulipwa ni yule anayeshindwa raundi ya kwanza.

Si kwamba mnyonge huyu hapati kitu. Hupata somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa, na muhimu zaidi, hupata nafasi ya kupandisha kiwango chake. Sataranji hupima nguvu ya mchezaji kwa alama za Elo, mfumo uliobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji (FIDE) liliuidhinisha mwaka wa 1970. Ukimshinda mtu, unamnyang'anya sehemu ya alama zake. Ukishindwa, unampa zako. Na hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Hebu tupige hesabu. Tuseme grandimasta mwenye alama 2,500 anakuja Nairobi na kukutana na mvulana wa miaka 16 mwenye alama 1,700. Kwa kanuni za FIDE, tofauti yao huhesabiwa kana kwamba ni alama 400. Grandimasta akishinda, anaongezewa alama 0.8 tu. Akitoka sare, anapoteza 4.2. Akishindwa, anapoteza 9.2, ilhali mvulana, kwa kuwa alama za vijana huzidishwa mara nne ya zile za mabingwa, anajizolea 36.8. Mgeni huyo ana kidogo mno cha kupata na kingi cha kupoteza.

Hatari hiyo ingekuwa ndogo iwapo alama za mvulana zingesema kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi hazisemi. Wachezaji wetu hucheza wao kwa wao. Kijana anapoimarika, huchukua alama za mwenzake wa klabu jirani ambaye naye ameimarika, na jumla inabaki pale pale. Ni kama kijiji ambacho watu wake wanakopeshana shilingi zile zile mwaka nenda mwaka rudi. Kazi inafanyika na mashamba yanalimwa, lakini pesa mpya haiingii. Basi mvulana mwenye nguvu za alama 2,000 hutembea na kibandiko cha 1,700, na bingwa wa kigeni huyajua hayo kabla ya kukata tiketi ya ndege.

FIDE yenyewe ilikiri kwamba alama za chini zilikuwa zimedidimia. Machi 2024 ilipandisha kima cha chini kutoka 1,000 hadi 1,400, na kwa mara moja tu ikawaongezea alama wote waliokuwa chini ya 2,000. Aliyekuwa na 1,500, kwa mfano, aliamka akiwa na 1,700. Hatua hiyo ilisaidia, lakini haikuifungua njia ambayo pesa mpya ingepitia.

Njia hiyo ina umuhimu kwa sababu ya masharti ya hadhi za juu. Ili mtu awe grandimasta kwa njia ya kawaida, sharti afikishe alama 2,500 na kutimiza vigezo vitatu katika mashindano yenye jumla ya michezo isiyopungua 27. Ili kutimiza kigezo kimoja, ni lazima acheze kwa kiwango cha alama 2,600 na akutane na magrandimasta wasiopungua watatu. Hata mchezaji angekuwa na akili ya ajabu, asipokutana na mabingwa hao hatapanda. Hadhi ya sataranji haipatikani kwa kuwashinda majirani.

Historia inathibitisha hayo. Magnus Carlsen wa Norway alitunukiwa hadhi ya grandimasta mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 13. Kati ya vigezo vyake vitatu, viwili alivipata katika mashindano ya wazi, kimoja Moscow na kingine Dubai. Amon Simutowe wa Zambia, aliyepata hadhi hiyo 2009, alikuwa amepitia ufadhili wa masomo nchini Marekani, ambako mashindano makali hayakosekani. Kenny Solomon wa Afrika Kusini aliipata 2014 kwa kutwaa ubingwa wa Afrika nchini Namibia, njia ya mkato ambayo huwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Nchini Uganda, Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe alipata hadhi ya kwanza kabisa ya wanawake katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka wa 2012. Olimpiadi, lakini, huja mara moja kwa miaka miwili na hubeba wachezaji watano kwa kila timu. Mamia wanaobaki nyumbani hawana pa kukanyaga.

Sasa turejee kwa kijana wa nikabu. Mashindano ya wazi hugawanywa katika vitengo ili kila tabaka lipate cha kushindania: wanawake, watoto, na wale wenye alama za chini. Ni utaratibu mzuri na wa haki. Lakini zawadi inapowekwa katika kila kitengo huku njia ya kutoka kitengo kimoja hadi kingine ikiwa imeziba, mwenye nguvu hushawishika kutazama chini. Marekani, ambako vitengo vya chini vina zawadi nono, waandalizi wamepambana kwa miaka mingi na wachezaji wanaoshindwa kwa makusudi ili alama zao zishuke, kisha wakavamie kitengo cha wanyonge. Mbinu hiyo na ile ya kijana wa Nairobi ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili ni biashara ya kuficha uwezo.

Tufanyeje basi? Wapo wanaosema kwamba kuwaleta mabingwa wa kigeni ni kuwatajirisha wageni kwa ada za wenyeji. Hoja hiyo ina uzito, ila haifiki mwisho wa hesabu. Kuwapeleka vijana kumi Ulaya kunahitaji tiketi kumi, vyumba kumi, na maombi kumi ya viza ambayo huenda yakakataliwa. Kuwaleta mabingwa watano Nairobi kunahitaji tiketi tano, na wachezaji mia moja wa nyumbani watakaa katika ukumbi ule ule wakiwania kuwafikia. Aidha, Kenya iliondoa sharti la viza kwa wageni Januari 2024 na badala yake ikaweka kibali cha kielektroniki. Mlango wetu umelegezwa kuliko milango tunayoibisha.

Jambo la pili ni mfululizo. Mashindano makubwa mara moja kwa mwaka ni sherehe. Kinachohitajika ni ratiba. Iwapo Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Kigali na Lusaka zingepanga mashindano yao yafuatane kwa juma moja moja, bingwa yule yule angecheza matano kwa safari moja ndefu, gharama ya kumleta ingegawanywa, na alama mpya zingeanza kuingia kijijini. Baada ya miaka michache kibandiko cha mvulana wetu kingesema kweli, na mgeni asingekuwa na sababu ya kumwogopa kuliko anavyoogopa wengine.

La tatu ni wadhamini. Kampuni hupenda kupigwa picha na hundi kubwa ya mshindi. Ingekuwa heri sehemu ya fedha hizo ilipe ada za vijana wasiojiweza, kwa sababu anayezuiwa mlangoni hana alama za kupigania.

Waandalizi walifanya vyema kukaza ulinzi baada ya 2023. Wakague vitambulisho, naam, wala wasichoke. Lakini mlinzi wa mlangoni hukomesha udanganyifu wa siku ile tu. Kijana hodari ataacha kujificha siku atakapoona kwamba akijitokeza kwa jina lake halisi, kuna mahali anapoweza kufika.