Bustani za wanyama ziwe amana ya umma



Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nitoe maoni yangu juu ya bustani za wanyama za watu binafsi. Mwenye bustani akitaka kuigeuza iwe shirika la hifadhi lisilotafuta faida, tumpongeze na tumsaidie. Lakini tusikubali abadilishe ubao wa mlangoni tu, huku funguo na fedha zikibaki mfukoni mwake.

Kwanza tuitazame sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mwenye kibali cha kufuga simba hana simba kama mimi nilivyo na mbuzi. Uzio ni wake, na nyama anayomlisha ameinunua yeye, lakini mnyama ni amana. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili Septemba 1961, kabla hatujapata Uhuru, katika Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (si lile Azimio la 1967): kwamba tumepokea urithi wa kuwatunzia wajukuu wetu.

Wako waliokwisha kuipita njia hii. Mwaka 1959 Mwingereza Gerald Durrell alifungua bustani yake mwenyewe katika kisiwa cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa. Mwaka 1963 aliikabidhi kwa shirika la wadhamini, naye akaendelea kufanya kazi humo. Durrell alifariki mwaka 1995, lakini bustani haikufa naye. Shirika hilo, likishirikiana na wananchi wa Mauritius, limesaidia kuwaokoa njiwa waridi wa kisiwa hicho. Mwaka 1990 njiwa hao walikuwa wamebaki kama 10 tu mwituni, na leo wanahesabiwa kwa mamia.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano. Mwaka 1967 mcheza sinema wa Marekani, William Holden, na wenzake walianzisha shamba la wanyama karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Holden alifariki mwaka 1981. Leo mahali hapo panaendeshwa na shirika la hifadhi, Mount Kenya Wildlife Conservancy. Kazi yake kubwa ni kumwokoa bongo, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe mbavuni. Zamani bongo walinaswa katika milima ya Kenya wakapelekwa katika bustani za Marekani. Mwaka 2004 vizazi vyao 18 vilirudishwa Nanyuki. Machi 2022 ulifunguliwa msitu wa Mawingu, ambamo bongo huzoeshwa kuishi bila kulishwa na binadamu. Wanaosalia mwituni hawafiki 100, kwa hiyo kila ndama ana thamani.

Hata sisi Watanzania tumefaidi kazi ya bustani zinazoendeshwa namna hiyo. Bwawa la umeme la Kihansi lilipopunguza maji ya maporomoko, vyura wadogo walioishi kwenye manyunyu yake walianza kwisha. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa katika bustani ya Bronx, New York, inayoendeshwa na shirika la hifadhi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka mwituni. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Bila bustani ile tungebaki na umeme na picha ya chura.

Mifano hii inaonyesha tofauti iliyopo. Bustani ya biashara humhesabu mtazamaji aliyelipa mlangoni. Bustani ya hifadhi huhesabu wanyama waliozaliwa, waliorudishwa porini na watoto waliofundishwa.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi katika bustani moja ya mtu binafsi. Wazazi walikuwa wameuza kuku na mtama kupata nauli na kiingilio. Watoto waliuliza simba ametoka wapi na atarudi lini. Mtembezaji hakuwa na jibu, akatuhimiza tupige picha. Kwa watoto wa vijijini huku uwanda wa kati jambo hili si dogo. Mtoto ambaye tembo anamjua kwa shamba la uwele lililokanyagwa tu, hatampenda tembo kwa kuambiwa na redio. Anahitaji kufundishwa.

Wapo watakaosema kwamba mwenye bustani ametumia jasho lake, kwa nini aikabidhi? Ni kweli, na asinyang'anywe kitu. Lakini ajiulize, akifariki warithi wakagombana, nani atawalisha chui na fisi? Shamba hugawanywa, chui hagawanywi. Wadhamini ndio kinga ya wanyama, na ya jina lake pia.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa kila bustani inayotaka kuitwa shirika la hifadhi. Kwanza, iwe na bodi ya wadhamini iliyoandikishwa RITA, na mwenyewe asiwajaze humo ndugu zake. Ndani yake awemo daktari wa mifugo, mwalimu na mwananchi wa kijiji jirani. Pili, hesabu zake zikaguliwe na kutangazwa kila mwaka, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, iwepo orodha ya kila mnyama, ametoka wapi na kwa kibali gani, na mnyama asiuzwe ili kuziba pengo la fedha. Nne, wanafunzi wa shule za msingi za vijijini watengewe siku zao za kuingia bure, pamoja na mtu wa kuwafundisha.

Dodoma inakua kwa kasi tangu Serikali ilipohamia hapa, na watu wenye uwezo wataona biashara katika kila kitu, wanyama wakiwemo. Ni heri masharti yawekwe mapema. Naziomba mamlaka za wanyamapori ziyafikirie haya, na wenye bustani wenyewe wasingoje kusukumwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bahi, Dodoma.