Gari Bila Mlango: Kimya cha Sheria Si Ruhusa

Wahenga walinena kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi tangu siku ile niliposafiri kutoka Mumias kwenda kwetu Butere ndani ya matatu ambayo haikuwa na mlango wa ubavuni. Si kwamba mlango ulikuwa wazi, haukuwapo kabisa. Reli yake ilikuwa imeliwa na kutu, na mahali pake palifungwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu, mithili ya kamba ya kuzuia mbuzi wasitoke zizini.

Nilipomwuliza utingo iwapo hawaogopi sheria, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, hakuna sheria inayosema gari lazima liwe na mlango. Wao wanataka taa, tairi nzuri na bima." Abiria wakacheka. Kando ya uwazi ule alikuwa ameketi ajuza mmoja akimpakata mjukuu wake. Utingo akamwambia, "Kukhu, mshike mtoto vizuri," nasi tukaondoka. Hatukufika mbali. Kwenye kona moja kiatu cha mtoto kilichomoka mguuni, kikaruka nje. Dereva alisimamisha gari, utingo akakimbia kukiokota, na safari ikaendelea kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Jibu la kijana yule lilinikera kwa kuwa lilikuwa na chembe ya ukweli, na uongo wenye chembe ya ukweli ndio mgumu kuung'oa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu chake cha 55, haiutaji mlango kwa jina. Inachosema, kwa muhtasari, ni kwamba gari lisitumiwe barabarani isipokuwa gari lenyewe na sehemu zake zote na vifaa vyake, taa na tairi zikiwemo, viwe vinatimiza masharti ya sheria. Tena sehemu hizo zidumishwe katika hali ambayo haielekei kuwahatarisha watumiaji wengine wa barabara wala watu waliomo garini.

Sisi tunaofundisha taaluma ya lugha tunajua uzito wa neno dogo kama "zikiwemo". Anayesema "watu wote, watoto wakiwemo" hajawatoa wazee. Vivyo hivyo, sheria inayosema "sehemu zote, taa na tairi zikiwemo" haijauruhusu mlango utupwe kwa fundi wa vyuma chakavu. Mlango ni sehemu ya gari. Ukikosekana, na kukosekana kwake kukamhatarisha abiria, sheria imevunjwa hata kama neno "mlango" halikuandikwa. Kimya cha sheria si ruhusa.

Huenda msomaji akauliza: mbona tuktuk huenda bila milango na hakuna anayelalamika? Mbona huko Marekani kuna gari aina ya Jeep Wrangler ambalo mwenyewe huvua milango wakati wa joto akaendesha? Hoja hii ni ya haki na yafaa ijibiwe. Vyombo hivyo vimebuniwa tangu kiwandani kutumika hivyo. Hata sheria ya Marekani kuhusu vitasa vya milango ya magari huweka kando milango iliyoundwa ili ivuliwe, kwenye magari yaliyotengenezwa kuendeshwa bila milango. Na bado mwenye Jeep hubanwa na jambo jingine: kioo cha kutazamia nyuma hukaa mlangoni, kwa hiyo akiuvua mlango hana budi kutafuta kioo kingine. Chombo kilichozaliwa bila mlango si sawa na kile kilichong'olewa mlango.

Isitoshe, mlango wa gari la kisasa si pazia la kuzuia vumbi. Aghalabu ndani yake mmewekwa vyuma vya kupunguza nguvu ya mgongano wa ubavuni. Kitasa chake humzuia abiria asirushwe nje gari linapobingirika, na anayerushwa nje hupata madhara makubwa kuliko anayebaki ndani. Barabara zetu za Butere hupitiwa na matrekta ya miwa, bodaboda, ng'ombe na watoto wa shule. Dereva hulazimika kukata kona ghafla kila mara. Je, ajuza mwenye mtoto mapajani atajishikilia kwa mkono gani?

Kenya haikosi kanuni. Mwaka 2003 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na sare za madereva na utingo. Kwa muda nchi ilishangaa jinsi matatu zilivyotulia. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki nazo zilimwekea anayesafiri huku sehemu ya mwili wake ikiwa nje ya gari linalokwenda faini ya shilingi 1,000.

Lakini tazama mzigo huo unamwangukia nani. Anayening'inia ni utingo, kijana anayelipwa kwa siku. Mwenye gari, ambaye hakutaka kugharamia reli mpya, amekaa kwake akingoja hesabu ya jioni. Kwa maoni yangu, gari lisilo na mlango lisitozwe faini ya papo hapo likaachwa liendelee na safari, na wala lisiachiliwe kwa kile tunachokiita chai. Lizuiwe hapo hapo, abiria warudishiwe nauli, na mwenyewe alipeleke kwa fundi kisha kwenye ukaguzi kabla ya kuonekana tena barabarani.

Najua nitaambiwa kwamba watu wa mashambani ni maskini na gari bovu ni afadhali kuliko kutembea. Sikubali. Abiria wa Butere hulipa nauli taslimu, wala hasafirishwi kwa hisani. Umaskini wake usifanywe sababu ya kumuuzia hatari.

Kuna jambo moja zaidi, nalo lanihusu kitaaluma. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, Sheria ya Trafiki iliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kijana yule hakuwa mwongo. Alikuwa akirudia alichokisikia stendi, kwa maana sheria yenyewe hajawahi kuisoma kwa lugha anayoielewa. Tunamtaka aitii sheria ambayo hatujamwambia. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani haingefilisika kwa kuchapisha vifungu vinavyomhusu abiria kwa Kiswahili sanifu na chepesi, vikabandikwa kila stendi, na ikiwezekana vikasomwa kwa Oluluhya katika redio zetu.

Hadi hapo, ulinzi wa kwanza ni sisi abiria wenyewe. Nakiri kwamba siku ile nililipa nauli na kuketi kama wenzangu, badala ya kushuka. Nilijiambia kuwa safari ni fupi. Kila mmoja wetu alijiambia hivyo, na ndiyo maana gari lile lingali likijaza.

Siku ile kilichoanguka kilikuwa kiatu, nasi tukarudi tukakiokota.