Si kila maji ya kijani ni chakula cha samaki



Kwenye mabwawa ya samaki tunasikia neno moja kila mara: «Maji iko kijani, ni muzuri, tilapia watashiba.» Ni kweli nusu. Kijani cha kawaida ni vimea vidogo sana, na tilapia wanavila. Lakini kuna kijani kingine kinachokuja wakati maji yamelala, jua ni kali na samadi imezidi. Kinaelea juu kama rangi ya kupaka mlango iliyomwagika, upepo unakisukuma pembeni, na kikioza kinanuka. Wataalamu wanakiita sianobakteria. Sisi tuseme mwani wa bluu-kijani. Aina zake kadhaa zinatoa sumu. Moja, mikrosistini, inaharibu ini. Nyingine zinapiga mishipa ya fahamu, na mbuzi au bata anaweza kufa kwa saa chache.

Maoni yetu ni haya: kila koperative yenye bwawa iandike kwenye sheria zake za ndani kwamba maji ya bwawa hayachotwi ya kunywa wala ya kupika. Jibu la kwanza tunalijua: «Lakini tunachemshaka!» Hapo ndipo penye hatari. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, na tuendelee kuchemsha maji ya chanzo. Ila mikrosistini haiharibiki kwa moto wa jikoni. Tena chembe za mwani zikipasuka kwa joto, sumu iliyokuwa ndani inatoka na kuchanganyika na maji. Dawa ya klori ya kutia kwenye bidoni nayo si ya kutegemea kwa kazi hii.

Anayefikiri tunatisha watu bure aangalie kwingine. Kenya, kwenye ziwa Bogoria, watafiti walikuta sumu hizi tumboni mwa ndege flamingo waliokufa. Botswana, mwaka 2020, tembo zaidi ya 300 walikufa, na serikali ikasema ni sumu ya mwani kwenye maji. Na mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa, juu ya maji ya hospitali ya kusafishia damu yalitoka kwenye bwawa lenye mwani huo.

Kuna jambo lingine linalotusukuma kuandika. Mbuzi akikutwa amekufa kando ya maji, maneno ya sumu yanaanza, na jirani mmoja anaanza kuangaliwa vibaya. Tuangalie maji kwanza. Ingiza kijiti: kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani wa kawaida, kikitoka kimepakwa kama rangi, shuku. Au jaza maji kwenye chupa nyeupe, uiache imetulia mpaka kesho. Kijani kikipanda juu na kukaa pale kama utando, fukuza wanyama na watoto hapo, na ita veterineri.

Kinacholisha mwani huu ni samadi nyingi, mbolea, sabuni ya kufulia, maji ya choo. Kwa hiyo kipimo cha mkono tunachofundisha si mchezo: zamisha mkono mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla ya kiwiko kufika majini, acha kutia samadi, ingiza maji mapya. Usimwage dawa ya kuua mwani. Ukifa wote kwa mara moja, sumu yote inatoka, na samaki wanakosa hewa. Wakati utando upo, usivue samaki wa kula; na siku zote toa matumbo na ini, usiwape bata.

Sheria peke yake haitoshi, tunajua. Mama anayechota bwawani mwezi wa saba hafanyi hivyo kwa kupenda. Chanzo kiko mbali, au kimekanyagwa na wanyama. Ndiyo sababu tunaomba komite zilete hoja hii kwenye mkutano kabla ya kiangazi: sehemu ya pesa ya samaki itengeneze chanzo, yaani bomba la kutolea maji, mtaro, na uzio. Wengine watasema pesa ya samaki ni ya kugawana. Sisi tunaona samaki na chanzo ni hesabu moja. Na mwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba aanze na uzio wa miti, mbuzi wasifike majini.