Imani ya mkulima ndiyo soko la mbolea

Kila mvua zinapokaribia, malori yanayovuka mpaka wa Malaba na Busia hupeleka mbolea mashariki mwa Uganda. Kwa mfanyabiashara anayeshusha mzigo Mbale, au Nalufenya mjini Jinja, swali huwa lile lile: mbona mkulima ananunua kidogo?

Mwaka 2006, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliazimia kwamba ifikapo 2015 kila hekta ipate kilo 50 za virutubisho vya mbolea. Muda huo ulipita Uganda ikiwa bado miongoni mwa nchi zinazotumia mbolea kidogo zaidi duniani.

Jibu lililozoeleka ni kwamba mkulima hana elimu. Elimu ina nafasi yake, lakini lawama hiyo inaficha mambo mawili yaliyo mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe.

La kwanza ni imani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima mbolea ya urea iliyonunuliwa madukani Uganda na kukuta kwamba, kwa wastani, asilimia 30 ya naitrojeni iliyopaswa kuwemo haikuwemo. Mkulima aliyetumia akiba yake kununua mbolea ya namna hiyo, kisha akavuna kama jirani ambaye hakuweka kitu, hahitaji kuhubiriwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Shaka hiyo huwaponza hata wauzaji waaminifu. Huko Morogoro, Tanzania, utafiti wa mwaka 2021 ulikuta urea ya madukani ikiwa na ubora unaotakiwa, lakini wakulima waliamini imechakachuliwa, hasa walipoiona imeganda mabonge. Mkulima hana maabara. Huamua kwa macho na kwa sifa ya duka. Anayefungua mfuko wa kilo 50 na kupima kilo mojamoja kwenye mifuko ya plastiki isiyo na lebo anaiachia mbolea ivute unyevu, na anamnyima mteja njia ya kujua anachonunua.

La pili ni wakati wa fedha. Katika Kaunti ya Busia, Kenya, watafiti waliwafuata wakulima mara tu baada ya mavuno, wakawauzia mbolea kwa bei ya kawaida na kuwaahidi kuifikisha bila nauli. Waliotumia mbolea waliongezeka. Kwa waliofuatwa karibu na wakati wa kuitumia, ilibidi bei ipunguzwe kwa nusu ili kupata matokeo yanayokaribia hayo. Sababu haina fumbo: baada ya kuuza mahindi fedha ipo, mvua zinapoanza, ada za shule na matibabu zimeshaimaliza.

Hapo ndipo penye faida. Anayesubiri Machi ndipo ashushe mzigo anamkuta mteja mifuko mitupu. Anayepokea malipo mavuno yanapouzwa, akatoa risiti na kupeleka mbolea kijijini kabla ya kupanda, anauza bila kushusha bei. Lakini ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, kijiji kizima kitajua.

Serikali nazo zina wajibu. Wakaguzi wapime mbolea mpakani na madukani, na matokeo yatangazwe ili mwaminifu asibebe aibu ya mdanganyifu. Viwanda na waagizaji wafunge mifuko midogo yenye lebo, uzito na jina la aliyefungasha, kwa sababu mwenye nusu ekari hana haja ya kilo 50. Maofisa ugani nao wawaonyeshe wakulima mbolea inayofaa udongo wao kwenye mashamba ya mfano, maana mkulima huamini zaidi shamba la jirani kuliko hotuba.

Mpaka kufunguliwa hakutoshi kufungua soko. Kizuri chajiuza, lakini kwa mbolea uzuri wenyewe huonekana miezi kadhaa baada ya mnunuzi kulipa. Hadi hapo, anachokuwa amenunua ni neno la muuzaji.