Misaada imekatwa, mabomu yamebaki: wagombea wa pembeni Marekani na ahadi ya "tuwaache wengine"

Juzi hapa kafe palizuka ubishi mpaka mwenye kafe akatishia kutuzimia mashine. Jamaa mmoja alikuwa anaangalia video za zamani za Ron Paul, yule mzee wa Texas, akageuza kiti akatutangazia: "Huyu angepewa urais, Marekani ingeacha dunia ipumue." Mwingine akamjibu kwamba mzee huyo hata angegombea mara mia asingeshinda. Mimi nilinyamaza, muda wangu ulikuwa unaisha. Lakini nilipofika nyumbani nikaona wote wawili waliliruka jambo lenyewe. Mimi ni wa kidato cha sita tu, si profesa wa siasa, ila haya mambo nayafuatilia siku nyingi, basi nawaletea ninavyoyaona.

Tuanze na usiku mmoja, tarehe 15 Mei 2007, mjini Columbia, jimbo la South Carolina. Wagombea kumi wa Republican wako jukwaani kwenye mdahalo, George W. Bush bado rais, vita ya Iraq iko mwaka wa tano. Ron Paul, daktari wa uzazi aliyekuwa mbunge, akaulizwa kuhusu mashambulizi ya Septemba 11. Akasema wale watu hawakuja kwa sababu tu wanachukia uhuru wa Wamarekani, bali pia kwa sababu Marekani ilikuwa inapiga mabomu Iraq kwa miaka kumi. Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York siku ya mashambulizi, akamdakia na kumtaka afute kauli. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee hakufuta. Akaendelea kueleza kwamba hata majasusi wa CIA wana neno lao kwa madhara yanayomrudia aliyeyaanzisha. Sisi tungesema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana hoja ile inatuhusu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Askari wa Marekani walianza kupelekwa Saudi Arabia tarehe 7 Agosti 1990, na kuwepo kwao kule ndiko Osama bin Laden alikokufanya sababu yake kubwa. Tarehe 7 Agosti 1998, miaka nane kamili baadaye, zikalipuliwa balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, 213 Nairobi na 11 Dar. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Wengine karibu wote walikuwa watu wetu: makarani, walinzi, abiria wa kwenye basi, watu waliokuwa wanapita zao njiani. Kueleza sababu si kumtetea muuaji, na hili nalisema mapema kabla hamjanirukia. Lakini ugomvi ulikuwa wa Washington na mtu mwingine, na sisi ndio tuliozika.

Sasa ruka miaka tisa. Jimbo ni lile lile la South Carolina, safari hii mji wa Greenville, tarehe 13 Februari 2016. Donald Trump amesimama karibu na Jeb Bush, mdogo wake George, na anasema vita ya Iraq ilikuwa kosa kubwa na kwamba watu walidanganywa kuhusu silaha za maangamizi. Ukumbi ukamzomea. Wiki moja baadaye akashinda kura za maoni za jimbo hilo, akabeba wajumbe wote 50, na Jeb Bush akajitoa usiku ule ule.

Chama kile kile, jimbo lile lile. Nini kilibadilika? Kwanza majeneza. Wamarekani zaidi ya 4,400 walikufa Iraq, na wengi wao hawakutoka familia za matajiri. Pili, Paul alikuwa anafundisha historia na katiba kama mwalimu wa zamu, wakati Trump alilichukua neno hilo hilo akalichanganya na hasira: wageni, China, viwanda vilivyohama, wakubwa wanaotucheka. Neno "Marekani Kwanza" lenyewe si lake. Mwaka 1940 kulikuwa na kamati yenye jina hilo iliyopinga Marekani kuingia Vita Kuu ya Pili, ikavunjwa Desemba 1941 baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Pat Buchanan naye alilitumia miaka ya tisini. Alimtikisa rais wa chama chake mwenyewe, Bush baba, New Hampshire mwaka 1992, na mwaka 1996 akashinda jimbo hilo kabisa. Kisha mwaka 2000 akagombea nje ya chama na hakufikisha hata asilimia moja ya kura.

Kuhusu kwa nini hawa watu hawashindi sitakaa sana. Sisi tuliozoea kuambiwa mgombea binafsi hakuna, tukisikia Marekani anaruhusiwa tunadhani mlango uko wazi. Uko wazi kama mlango wa daladala saa kumi na mbili jioni. Ross Perot, tajiri wa Texas, alipata karibu asilimia 19 ya kura zote mwaka 1992, kura milioni 19 na ushee, na hakuambulia hata mjumbe mmoja kati ya 538 wanaomchagua rais, kwa sababu karibu kila jimbo linampa mshindi vyote. Mwaka 1996 hakuruhusiwa hata kupanda jukwaa la mdahalo. Tangu mwaka 2000 waandaaji wakaweka sharti la asilimia 15 kwenye tafiti za maoni. Ili ujulikane uingie kwenye mdahalo, na ili uingie kwenye mdahalo ujulikane. Hesabu hiyo mtajaza wenyewe.

Ndiyo maana Paul alirudi kugombea ndani ya chama, na ndiyo maana intaneti ilimbeba. Tarehe 5 Novemba 2007 wafuasi wake walimchangia zaidi ya dola milioni 4 kwa siku moja, na tarehe 16 Desemba mwaka huo huo zaidi ya milioni 6. Vijana walichangishana mtandaoni, makao makuu ya kampeni yakabaki kutazama. Mwaka 2012 akawa wa pili New Hampshire kwa karibu asilimia 23. Halafu basi. Pesa zipo, kelele zipo, ushindi hakuna.

Kwa hiyo yule jamaa wa pili alikuwa sahihi? Nusu. Mgombea wa pembeni anashindwa, lakini maneno yake huwa hayalali njaa. Yanaokotwa na wakubwa. Angalieni wenyewe. George W. Bush, huyu huyu wa Iraq, kwenye mdahalo na Al Gore Oktoba 2000 aliahidi Marekani yenye unyenyekevu kwa mataifa mengine, isiyotumia askari wake kujenga nchi za watu. Obama mwaka 2008 alimshinda Hillary Clinton kwa sehemu kubwa kwa sababu yeye aliipinga vita ya Iraq tangu mwanzo wakati Clinton aliipigia kura. Mwaka 2011 akaingia Libya bila kura ya Bunge. Trump mwaka 2016 tumeshamwona Greenville. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha azimio la kuitoa Marekani kwenye vita ya Yemen, yeye akalipiga turufu.

Somalia ndiyo iliyonifungua macho zaidi, na ni jirani kabisa. Desemba 2020 Trump aliamuru askari kama 700 wa Marekani watoke kule. Mnaompenda mtasema, si unaona, alitimiza! Ngoja. Wengi wao walihamishiwa nchi za jirani, na mabomu ya angani hayakukoma. Mei 2022 Biden akaidhinisha askari chini ya 500 warudi. Yote hiyo ilitegemea sheria ya mwaka 2001, iliyopitishwa siku tatu baada ya Septemba 11 kwa ajili ya waliofanya shambulio lile. Kwenye Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1. Yule mmoja ni mama, Barbara Lee wa California. Hata Ron Paul aliipigia kura ya ndiyo, hilo wafuasi wake huwa hawapendi kukumbushwa. Baadaye, mwaka 2016, serikali ya Obama ikaitanua hadi kuwafunika Al-Shabaab wote, kundi ambalo lilikuwa halijazaliwa siku ile minara ilipoanguka. Kutangaza vita rasmi, kama katiba yao inavyolitaka Bunge, mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1942.

Sasa nifike pale ambapo ubishi wetu wa kafe haukufika kabisa. Ahadi ya kuwaacha wengine ina pande mbili. Upande mmoja unasema: rudisheni askari, acheni kupiga mabomu, acheni kupindua serikali za watu. Upande wa pili unasema: acheni pia kutuma pesa nje. Ron Paul alisema zote mbili, bila kupepesa. Alipinga vita na alipinga misaada, yote, hata ile ya dawa. Unaweza kumchukia kwa hilo, lakini hakukuficha. Sisi huku tukimshangilia huwa tunasikia upande wa kwanza tu.

Wakubwa wanapookota neno, wanaokota upande gani? Tazameni tarehe. Januari 20, 2025, Trump alirudi Ikulu, na siku hiyo hiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Februari 1, 2025, siku kumi na mbili baadaye, ndege za Marekani zikapiga mabomu milima ya Golis, kaskazini mwa Somalia. Machi 10 waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Siku tano baadaye, tarehe 15, ikaanza kampeni ya mabomu Yemen. Juni 22 vikapigwa vituo vya nyuklia vya Iran: Fordow, Natanz na Isfahan. Julai 1 USAID ikafungwa rasmi.

Mtaani kwetu kuna dada aliyekuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kufuatilia wagonjwa walioacha dawa za ARV. Mradi wa Wamarekani. Mwisho wa Januari ile akapokea barua ya kusimamisha kazi, mistari minne. Yeye hajawahi kumsikia Ron Paul wala Buchanan. Aliniuliza jambo moja tu: "Mdogo wangu, wale ninaowafahamu mimi kwa sura, nani atawagongea mlango?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikikutana naye naongelea mpira.

Kwa nini upande wa misaada ndio ukatwe? Kwa mtazamo wangu si kwamba ni ghali. Misaada ya nje ilikuwa kama asilimia 1 tu ya bajeti ya serikali yao, wakati jeshi linachukua zaidi ya dola bilioni 800 kwa mwaka. Lakini tafiti za maoni zimeonyesha miaka nenda rudi kwamba Wamarekani wengi wanadhani misaada inakula karibu robo ya bajeti. Halafu kombora lina wenyewe: lina kiwanda, kiwanda kina wafanyakazi, wafanyakazi wana mbunge. Yule mgonjwa wa mtaani kwetu hana mbunge Washington. Ukimkata yeye hupotezi hata kura moja Ohio, na bado unasimama jukwaani kusema umeacha kuhangaika na mambo ya watu.

Kuna watakaosema safari hii waasi wenyewe waliingizwa ndani ya serikali, kwa hiyo mambo yatakuwa tofauti. Ni kweli waliingia. Tulsi Gabbard, aliyegombea urais kwa Democrat mwaka 2020 akipinga vita za kupindua serikali, akafanywa mkuu wa idara zote za ujasusi. Machi 2025 akaliambia Bunge kwamba kwa tathmini yao Iran haitengenezi bomu la nyuklia. Juni Trump akawaambia waandishi kwamba mama huyo amekosea. Siku chache baadaye Fordow ikapigwa. Na Thomas Massie, mbunge wa Republican wa Kentucky ambaye wengi wanamwona mrithi wa Ron Paul, alipoleta azimio la kuizuia vita hiyo pamoja na Ro Khanna wa Democrat, rais akaanza kumtafutia mpinzani wa kumng'oa kwenye kura za maoni.

Jana yule jamaa wa video amenikuta tena kwenye mashine ya kona. Nikamweleza haya yote. Akafikiri, akaniuliza: "Kwa hiyo ungechagua nini, waondoke na askari wao na dawa zao, au wabaki na vyote?" Nimemjibu kwamba hilo swali hatujawahi kuulizwa sisi, na kwamba nisingependa liulizwe kwa mtindo huo wa kufunga vyote kwenye furushi moja. Hakuridhika. Nanyi wadau mnaweza msiridhike, uwanja ni wenu hapo chini, ila matusi hapana. Dakika zangu zimebaki tatu na kuna mtu nyuma anangoja kiti.