Huku jina halishuki kutoka kwa baba

Makala yako kuhusu majina ya ukoo ni tamu, ila unayaeleza kana kwamba dunia nzima ni Uingereza. Huku Dilolo, Kongo, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti: huyu karithi la babu, yule la shangazi. Sheria ya Familia ya 1987 inataka jina litoke katika utamaduni wa Kongo. Haidai liwe la baba. Rais Mobutu naye alishapiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972, akaanza kwa kutupa Joseph-Désiré yake.

Kasheshe kubwa ni mpaka. Wachokwe tupo Kongo, Angola na Zambia, na kila mkoloni alituandika alivyosikia: Mbelgiji Tshokwe, Mwingereza Chokwe, Mreno Quioco. Hata Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga aliyekuwa Mlunda, angezaliwa upande wa Zambia, huenda tungemsoma Chombe. Binamu yangu kadi yake ya mpiga kura ina Tsh, cheti chake cha ubatizo cha Luau, Angola, kina Tch. Mpakani huulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili! Anayetafuta jamaa zake Angola asiishie kwenye herufi T-s-h.